Kinu, Mchi na Meno ya Chuma

Nyumbani kwangu Kabungu, buni ikishakaangwa hutwangwa kwa kinu na mchi. Kwa kahawa ya kuchemsha hiyo yatosha, kwani chenga hutuama chini ya birika. Lakini mashine ya espreso haina subira hiyo. Tangu Achille Gaggia wa Milan alipoleta mashine ya wenzo katika miaka ya 1940, maji husukumwa kwa nguvu kupenya unga ulioshindiliwa. Penye chenga hupita mbio, nacho kinywaji huwa chepesi. Unga ukizidi ulaini, hukwama. Ndiyo sababu mwenye mashine hiyo nyumbani huhitaji kisagio cha mkono chenye meno ya chuma, kinachosaga punje zote sawasawa.

Wahaya walitafuna buni iliyochemshwa kabla ya wakoloni kuja. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933. Hata hivyo, kahawa nyingi ilisafirishwa ng'ambo ikiwa mbichi. Mkulima alijua bei, ladha wakaijua wengine. Kwa hiyo nikizungusha mpini wa kisagio, naona kazi ya mwisho imerudi mikononi mwetu. Mikono huchoka, lakini faida yake hainywewi na mwingine.