Mavazi ya Chakula cha Jioni Melini: Asili Yake na Maana Yake Kwetu

Katika nchi ya Bukundi, upande wa mashariki wa Usukuma, wilayani Meatu katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake ni Bariadi, hakuna bahari wala meli. Mtu aweza kuzaliwa huko, akalisha ng'ombe, akalima mtama na pamba, akazeeka, asikanyage sitaha ya chombo hata siku moja. Basi msomaji atauliza, kwa nini tunaanzia huko habari za mavazi ya melini? Tunaanzia huko kwa sababu ndiko tulikoulizwa swali. Jioni moja tulikuwa tukizungumza na wazee juu ya safari za zamani, tukataja ya kwamba katika meli kubwa za Wazungu abiria hakuweza kuingia chumba cha kulia jioni mpaka amebadili nguo zake. Mzee mmoja akashangaa, akauliza, "Je, chakula chenyewe hukataa kuliwa?" Watu walicheka, walakini sisi tuliliona swali lile kuwa si la kuchekwa, tukaahidi kulitafutia jibu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Yafaa kwanza tueleze desturi ya wale waliotuuliza, ili msomaji ajue swali lao lilitoka wapi. Kwa Wasukuma wa zamani, chakula cha jioni cha wanaume kililiwa shikome, yaani penye moto uliokokwa uani jioni. Hapo wazee walikaa, vijana wakakaa chini yao, ugali ukaletwa, na kila mtu akanawa mikono kwa maji yaliyoletwa na kijana wa nyumba ile. Baada ya kula palikuwa na maneno: habari za siku, mashauri ya mji, hadithi na mafundisho ya vijana. Mpita njia akiitwa alikuja, akanawa, akakaa, akala. Huko nako kulikuwa na sheria nyingi, kama vile nani aanze kutia mkono, na nani anyamaze wakubwa wanaponena. Bali sheria ya nguo haikuwapo. Alivyotoka malishoni ndivyo alivyoketi. Mikono tu ndiyo iliyotakiwa iwe safi.

Sasa tuje melini. Maneno tunayotumia yenyewe yana habari ndani yake. Merikebu ni neno la Kiarabu. Lakini neno meli tumelipata kwa Waingereza, na kwao maana yake ni barua za posta. Kwani vyombo vya moshi vilivyokuja pwani yetu kwa ratiba vilikuwa vimepewa kazi ya kuchukua barua, na watu wa pwani wakakiita chombo kwa jina la mzigo wake. Meza ni neno la Kireno, nalo lilikuwa limekwisha kukaa katika Kiswahili siku nyingi kabla ya meli hizo kufika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta meli ya barua Unguja, na mwaka 1890 Wadachi nao walianzisha Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyounganisha Hamburg na pwani yetu. Safari kutoka Ulaya ilichukua majuma kadhaa, na abiria waligawanywa kwa daraja, na mwisho wao wote walikuwa wale wa sitahani, waliolala juu ya mikeka yao na kupika au kununua chakula chao wenyewe.

Katika daraja la kwanza ndimo ilimokuwamo sheria ya mavazi ya jioni. Sheria hii haikuzaliwa baharini. Ilitoka katika nyumba za matajiri wa Uingereza. Huko, katika karne ya 19, bwana aliyealikwa kula jioni alivaa koti jeusi lenye mikia miwili nyuma, na shati jeupe lililotiwa wanga hata likawa gumu kama ubao, na tai nyeupe. Mwaka 1865 mshoni wa London, Henry Poole, alimshonea mwana wa Malkia Victoria, aliyekuwa mrithi wa kiti, koti fupi lisilo na mikia, apate kula kwa raha pamoja na rafiki zake. Mwaka 1886 koti la namna hiyo lilionekana Tuxedo Park, karibu na New York, na Wamarekani wakaliita kwa jina la mahali pale hata leo. Hivyo vazi ambalo vizazi vilivyofuata waliliona kuwa la kifahari kabisa lilianza kuwa vazi la kustarehe. Hii ndiyo tabia ya mavazi: la starehe la baba huwa la heshima la mwana.

Kwa nini desturi hiyo ilishikwa kwa nguvu melini kuliko hata mijini? Sisi twaona sababu ni mbili. Ya kwanza, abiria hawakujuana. Mtu wa nchi kavu hujulikana kwa nyumba yake, mashamba yake na ukoo wake. Lakini melini vyote hivyo vimeachwa nyuma, na limebaki sanduku la nguo tu. Basi nguo ikafanywa ushahidi wa mtu. Ya pili, siku za baharini zafanana, na vazi la jioni liliikata siku vipande, watu wakajua kwamba mchana umekwisha. Tena sheria ilikuwa na huruma zake: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho wa safari watu hawakudaiwa kubadili nguo, kwa kuwa masanduku yalikuwa bado kufunguliwa, au yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Lakini jua la Bahari ya Sham halijui cheo cha mtu. Chombo kilipopita huko, koti zito likawa adhabu. Ndipo Waingereza walipopata njia ya kutii sheria bila kufa kwa joto: walivua koti, wakabaki na shati jeupe, na kiunoni wakajifunga kitambaa kipana. Kitambaa hicho walikuwa wamekitwaa India pamoja na jina lake, nalo ni la Kiajemi: kamar ni kiuno, na band ni kufunga. Msomaji wa pwani atakitambua mara moja, maana ni ndugu wa mahazamu, ule mshipi wa kitambaa ambao waungwana wa Unguja na Lamu waliufunga juu ya kanzu na kuchomeka jambia. Basi bwana aliyedhani amevaa Kiingereza halisi alikuwa amefungwa kiuno kwa desturi ya Mashariki.

Hapa yatupasa tukumbuke sheria za mavazi za kwetu wenyewe, maana si haki kuwahesabia wengine makosa tukayasahau yetu. Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilimtenga muungwana na mtumwa. Bwana alivaa kanzu, na juu yake kizibao au joho, na kichwani kofia au kilemba, na miguuni viatu. Mtumwa alivaa kitambaa cha merikani au kaniki, na kichwa chake kikawa wazi, na miguu yake mitupu. Utumwa ulipopigwa marufuku kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed mwezi wa Aprili 1897, wengi waliopata uhuru walifanya haraka kujipatia zile nguo walizokuwa wamekatazwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake kanga na baadaye buibui. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mapambo tu. Kofia ile ilinena mahali pa hati: kichwa hiki si cha mtu mwingine.

Sasa msomaji na atazame jambo la ajabu. Katika miaka ile ile ambayo kanzu ilikuwa imekuwa bendera ya uhuru wa mtu wa pwani, Wazungu katika nyumba zao na hoteli zao za Kenya, Uganda na Tanganyika waliichagua kuwa sare ya watumishi wa mezani. Mwandalizi alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na mshipi mwekundu kiunoni, na tarbushi nyekundu kichwani, akasimama nyuma ya kiti bila kunena. Aliyeketi amefungwa kitambaa kiunoni, na aliyesimama amefungwa kitambaa kiunoni. Wote wawili wamevaa mavazi ya Mashariki. Na mmoja ni bwana, mwingine huitwa "boi" ingawa ana wajukuu. Basi ni dhahiri kwamba haukuwa uzuri wa nguo uliomweka mtu kitini. Nguo ilikuwa alama tu, na maana ya alama iliwekwa na mwenye meza.

Walikuwako Waafrika waliokwenda na meli hizo si kama watumishi. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alisafiri na mwandishi wake Ham Mukasa kwenda London kwa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na habari za safari yao zilichapwa kuwa kitabu mwaka 1904. Katika Buganda kanzu iliyoletwa na wafanya biashara wa pwani ilikuwa imekwisha kuwa vazi la wakuu. Kwa mizani ya kwao, waziri mkuu aliyevaa kanzu na joho hakukosa lolote mbele ya koti la mikia. Tena mwaka 1931 watu watatu wa Tanganyika walivuka bahari kwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuunganisha nchi za Afrika Mashariki: Martin Kayamba wa Tanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Mtemi Makwaia wa Usiha katika Shinyanga. Kayamba aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo. Kwetu sisi tunaoandika habari za Usukuma, huyu Makwaia ana neno la pekee. Mtemi wa Kisukuma, aliyetoka katika nchi ya shikome, alikwenda kunena katika mji ule ule zilikotoka sheria za mavazi ya jioni, na kilichotakiwa kwake kilikuwa maneno yake.

Walakini Wasukuma walio wengi waliijua meli kwa njia ya ziwa. Stima ya William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, nyingine kubwa zaidi zikafuata, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Katika stima hizo pia palikuwa na vyumba vya daraja la juu, na meza yenye kitambaa cheupe. Na palikuwa na sitaha, penye magunia, kuku na watu. Huko sitahani hakuna aliyeulizwa amevaa nini. Mtu alifungua furushi lake, akamwambia jirani, "Karibu." Hivyo katika chombo kimoja, usiku mmoja, shikome na meza ya koti jeusi zilisafiri pamoja, moja juu ya nyingine.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yalikwisha wakoloni walipoondoka. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania ilifanya kampeni ya kuwavika Wamaasai nguo zilizoitwa za kisasa, hata mwenye lubega akakataliwa kupanda basi. Mwaka ule ule vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 wakapiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Mmoja alilaumiwa kwa kuvaa kama wazee wake, mwingine kwa kuvaa kama wageni, na wote wawili walizuiwa njiani. Hata juzi, mwezi wa Juni 2021, mbunge mmoja mwanamke aliambiwa atoke Bungeni Dodoma kwa ajili ya suruali yake.

Na melini je? Meli za kuchukua barua na abiria zilishindwa na ndege, na zilizopo sasa ni meli za matembezi, ambazo baadhi yake hutia nanga Unguja na Mombasa. Sheria imelegea sana. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza safari ambazo abiria hula saa apendayo na bila kudaiwa vazi rasmi. Cunard bado ina jioni maalum za koti jeusi, lakini asiyependa kuvaa huonyeshwa mahali pengine pa kula katika meli ile ile. Kile kilichokuwa amri kimekuwa mchezo wa kupendeza, na mchezo haumdhuru mtu maadamu aweza kukataa kuucheza.

Basi, tumjibu nini mzee wetu wa Bukundi? Tumwambie kwamba chakula hakikatai kuliwa. Wenye meza ndio wakataao. Hatusemi kwamba kujipamba kwa ajili ya chakula ni upuuzi. Mtu avaaye vizuri kwa ajili ya wenzake huwaambia kwamba amewahesabu kuwa watu, na Mswahili avuaye viatu mlangoni hunena neno hilo hilo kwa miguu yake. Lakini sheria za mezani zina namna mbili, nasi twapenda msomaji azipime kwa kipimo kimoja: kitu kinachodaiwa mgeni hutoka kwa nani? Melini, mgeni alidaiwa koti, na koti alilinunua mwenyewe, na asiyeweza kulinunua alijua mahali pake kabla ya kuambiwa. Shikome, mgeni alidaiwa mikono safi, na maji ya kunawia yaliletwa na mwenyeji.