Mashindano ya pikapu za kuvuta mzigo Marekani: kwa nini sheria za madaraja huzua ugomvi

Kila kiangazi, katika maonyesho mengi ya kilimo ya vijijini Marekani, watu hujaa kando ya uwanja wa udongo kutazama mashindano yanayoonekana rahisi. Gari linafungwa mnyororo, linavuta mzigo, na anayeufikisha mbali zaidi ndiye mshindi. Wengi wa washiriki hawalipwi mshahara kwa mchezo huu. Ni wakulima, mafundi na madereva wanaotengeneza magari yao jioni baada ya kazi.

Lakini kuna lalamiko linalorudi msimu hadi msimu: madaraja yaliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida yanamezwa na wenye fedha. Katika makala haya tunaeleza mchezo huu ulivyo, sheria zake zinavyofanya kazi, na kwa nini gharama hupanda hata pale sheria inapotungwa ili zishuke.

Mchezo unachezwaje?

Asili yake ni farasi. Wakulima walishindana kuona farasi wa nani ana nguvu zaidi. Matrekta yaliposhika nafasi ya farasi, mashindano nayo yakahamia kwenye injini. Mwaka 1969 wawakilishi wa majimbo kadhaa walianzisha chama cha National Tractor Pullers Association, kifupi NTPA. Kabla ya hapo kila uwanja ulikuwa na sheria zake, na aliyesafiri kutoka jimbo moja hadi jingine alikuta mambo tofauti. Baadaye pikapu nazo zikapata madaraja yake.

Mzigo unaovutwa huitwa sledi. Ni kama tela refu lenye magurudumu nyuma na bamba la chuma mbele, linaloburuzwa ardhini. Juu yake kuna sanduku lenye vyuma vizito. Gari likianza kwenda, sanduku husogea kutoka nyuma kuelekea mbele na kulikandamiza bamba kwenye udongo. Kwa hiyo kila hatua ni ngumu kuliko iliyotangulia, mpaka gari linashindwa. Uwanja kwa kawaida ni futi 300, yaani karibu mita 91. Wakifika mwisho wawili au zaidi, sledi huongezwa uzito nao hurudia.

Madaraja yamewekwa kwa vipimo gani?

Bila madaraja, mwenye injini kubwa angeshinda kila siku na wengine wangebaki nyumbani. Kwa pikapu za dizeli, mambo makuu yanayopimwa ni haya:

Uzito. Gari hupita kwenye mizani pamoja na dereva wake. Kikomo kinachotumika sana ni pauni 8,000, karibu kilo 3,600.

Kimo cha kulabu. Mnyororo ukifungwa juu zaidi, magurudumu ya nyuma hukandamizwa zaidi ardhini, na gari hupata faida. Ndiyo maana kimo kina kikomo, mara nyingi inchi 26, karibu sentimita 66 kutoka ardhini.

Tairi. Madaraja ya chini hudai tairi za kawaida za barabarani. Ya juu huruhusu tairi ambazo meno yake yamechongwa ili yang'ate udongo.

Turbo. Hiki ndicho kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu hupanda. Madaraja mengine hata yamepewa majina ya upana wa tundu la kuingizia hewa: daraja la 2.6 maana yake ni inchi 2.6, karibu milimita 66, na daraja la 3.0 ni karibu milimita 76. Katika daraja la chini kabisa, la magari ya kazi, waandaaji wengi hudai turbo iwe kama ile iliyotoka nayo kiwandani.

Fedha zinapenya wapi?

Sheria ikibana kitu kimoja, mwenye fedha hutafuta kingine ambacho hakijabanwa. Tuchukue tundu la turbo. Kikomo kilikusudiwa kumlinda mwenye mfuko mdogo, lakini hakikusema lolote kuhusu ubora wa kilicho nyuma ya tundu. Mafundi wakatengeneza turbo za bei kubwa zinazopitisha hewa nyingi kadiri inavyowezekana kwenye tundu lilelile. Wengine walipanua nafasi iliyo nyuma ya tundu, ikabidi sheria ziongezwe kusema kwamba feni ya turbo lazima iingie ndani ya sehemu iliyopimwa. Kila kifungu kipya huziba mwanya mmoja, na kila mwanya ukizibwa, vifaa vya jana hukosa thamani.

Nguvu nayo huvunja vitu. Injini ikiongezewa uwezo, klachi haishiki, giaboksi inapasuka, propela inakatika. Mwenye gari ananunua vilivyo imara zaidi. Baada ya muda pikapu hiyo haifai tena kwenda sokoni au shambani. Anahitaji gari la pili la kazi na tela la kubebea lile la mashindano. Hapo daraja linaitwa bado la magari ya kazi, lakini magari yenyewe hayafanyi kazi tena.

Zawadi za mashindano madogo hazirudishi gharama hizo. Anayeshindwa mara tatu mfululizo na gari lililomgharimu mwaka mmaja wa jasho haji mara ya nne. Wakiondoka wa namna hiyo watano, daraja linabaki na magari matatu na mwandaaji analifuta. Mwenye fedha naye anakosa wa kushindana naye.

Nani anakagua?

Wanaofuatilia mpira wa vijijini kwetu wanalijua neno mamluki: mchezaji wa ngazi ya juu anayeingizwa kwenye timu ya kijiji siku ya fainali. Kila mtu anamwona, lakini bila kadi na bila msimamizi hakuna anayeweza kumtoa. Kwenye pikapu ni vivyo hivyo.

Uzito, kimo cha kulabu na tundu la turbo hupimwa kwa dakika chache palepale uwanjani. Lakini pampu ya dizeli, nozeli na pistoni ziko ndani. Kuzikagua ni kufungua injini, kazi ambayo hakuna mwandaaji wa kijijini mwenye muda nayo. Kwa hiyo sheria inayohusu ndani ya injini huwabana zaidi waaminifu. Anayeiheshimu anavuta kwa nguvu ndogo, na asiyeiheshimu anachukua zawadi.

Baadhi ya vyama huruhusu mshindani kuweka pingamizi kwa kulipa fedha. Gari likikutwa na kosa, mwenye gari huadhibiwa. Likikutwa safi, fedha huenda kwa aliyefunguliwa injini yake bure. Utaratibu huu huzuia tuhuma za wivu, lakini una ugumu wake: majirani wanaoazimana spana hawapendi kushtakiana.

Njia zipi zinasaidia?

Ya kwanza ni kupima kinachoonekana. Baadhi ya mashindano ya matrekta ya zamani huweka kikomo cha mwendo. Injini iwe na chochote ndani, trekta likizidi mwendo huo linaondolewa. Hakuna haja ya kufungua kitu.

Ya pili inatoka kwenye mbio za magari za viwanja vya udongo, pia Marekani. Baadhi ya mashindano yana sheria kwamba injini ya mshindi inaweza kununuliwa na mshindani mwingine kwa bei iliyotangazwa mapema. Ukitia fedha nyingi kuliko bei hiyo, unaweza kuzipoteza siku hiyohiyo.

Ya tatu ni kuacha sheria zitulie. Kubadilisha vipimo kila mwaka, hata kwa nia njema, ni gharama pia, kwa sababu aliyenunua kifaa halali mwaka jana analazimika kununua tena.

Jambo moja halifai kupunguzwa: usalama. Vyama huhitaji vifuniko vya chuma kuzunguka propela, na waya unaofungwa kwenye sledi ili injini izimike mnyororo ukikatika. Madaraja yenye nguvu kubwa huongeza nguo zisizoshika moto na kofia ngumu. Kadiri nguvu inavyopanda ndivyo orodha hii inavyorefuka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka madaraja ya chini yabaki ya chini kweli.

Tulichojifunza ni kwamba urefu wa kitabu cha sheria hauleti haki. Daraja la watu wa kawaida hudumu pale ambapo kila sheria iliyoandikwa inaweza kukaguliwa na mtu mmoja mwenye futi na mizani, mbele ya washindani wote, kabla mnyororo haujafungwa.