Wambui: Jasusi Mwenye Baba Inspekta

Wambui Waiyaki alikuwa jasusi wa Mau Mau, wapiganaji waliopinga utawala wa kikoloni wa Waingereza Kenya. Silaha yake ilikuwa masikio ya watu, hasa mayaya na wapishi waliosikia mengi kwenye nyumba za wazungu.

Alizaliwa 1936, kitukuu wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyepinga wakoloni. Baba yake, Tiras, alikuwa inspekta wa polisi wa serikali ileile ya kikoloni. Binti akala kiapo cha Mau Mau akiwa bado kijana, akawa mpelelezi wao Nairobi.

Ilikuwa kazi ya hatari. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil ilianza: wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji na kupekua mitaa ya Eastlands, nyumba kwa nyumba. Watu walipangwa mistari mbele ya gakunia, yaani msaliti aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa tu, umekwenda na lori.

Baadaye Wambui alifanya siasa na Tom Mboya. Mwaka 1960 alizuiliwa Lamu. Wengi wanamkumbuka kwa kesi ya 1987 ya kugombania maiti ya mumewe, wakili S.M. Otieno, kesi ambayo alishindwa. Alifariki Agosti 2011.

Kama kwenu kuna shosho aliyekuwa Eastlands 1954, muulize alificha nini, na wapi.