Methadoni ni bure, pa kulala je? Safari ya mraibu kutoka Masasi na Newala

Serikali inatoa methadoni bure kwa waraibu wa heroini. Chumba cha kulala mtu anayeinywa ni juu yake mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Inafanyaje kazi?
Methadoni ni dawa ya maji. Dozi moja hutuliza arosto kwa takribani siku nzima, hivyo mtu hahangaiki tena kutafuta kete. Sharti lake ni gumu: kwa kawaida huinywa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Matibabu huchukua miaka, siyo wiki. Kwenye kliniki hizo pia hupimwa na kutibiwa VVU na kifua kikuu.

Ilianzia wapi?
Muhimbili, Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu Zanzibar mwaka 2015. Baadaye huduma ikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko.

Kwa nini nyumba ni ishu?
Chukua kijana wa Newala anayeamua kuifuata dawa Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo lazima ahamie huko. Nauli familia inaweza kuipata msimu wa korosho, kuanzia Oktoba. Lakini wenye nyumba wa Dar wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo, na nani atampangishia mtu anayeitwa teja? Anaishia kulala maskani. Asubuhi anakunywa dawa, usiku yuko palepale kete zinapouzwa. Polisi wakizoa watu kijiweni, kesho yake dozi imempita.

Soba je?
Nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, zilianza Zanzibar mwaka 2009 na sasa zipo pia Bara. Zinatoa kitanda, chakula na ushauri, lakini mara nyingi familia ndiyo inalipa, na anayeingia lazima aache kabisa. Akirudia kutumia, anaweza kutolewa. Hapa kuna hatari ambayo ndugu wengi hawaambiwi: mwili uliokaa miezi bila unga hauwezi tena kiwango cha zamani. Akirudi mtaani na kujidunga kipimo kilekile, anaweza kufa.

Wenzetu wamefanya nini?
New York, mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha mpango wa kugeuza utaratibu: mtu asiye na makazi apewe nyumba kwanza, bila kudaiwa aache dawa ndipo apate ufunguo. Wahudumu wa afya na ustawi wa jamii humfuata hukohuko. Wengi walibaki kwenye nyumba hizo. Finland iliufanya mfumo huo sera ya taifa kuanzia 2008. Nyumba peke yake haiachishi unga, hilo lisemwe wazi. Inachofanya ni kumpa mtu mahali pa kuamkia kwenda kliniki.

Uko Masasi au Newala?
Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kliniki iliyo karibu nawe kabla ya kukata tiketi. Kama ni lazima ndugu yako asafiri, tafuteni kwanza shangazi, mjomba au jamaa wa kijijini atakayempokea, na mumweleze ukweli wote mapema. Atahitaji kumhifadhi kwa muda mrefu.