Vyeti vya Ubatizo vya Wajerumani wa Pennsylvania

Taufschein, yaani cheti cha ubatizo kilichoandikwa na kurembwa kwa mkono, ni kumbukumbu ya mtoto iliyoenea Pennsylvania, Marekani, tangu nusu ya pili ya karne ya 18. Wenyewe walikuwa Walutheri na Wareformati wa asili ya Kijerumani, ambao hubatiza watoto wachanga. Majirani zao Wamenoni na Waamishi, waliongoja mtu akue ndipo abatizwe, hawakuwa na haja nacho.

Asili yake ni Ulaya. Huko Alsace na sehemu za jirani, msimamizi wa ubatizo alimpa mtoto karatasi ndogo yenye dua na picha, mara nyingi ikiwa imekunjwa na sarafu ndani. Pennsylvania karatasi ikawa kubwa, na habari za mtoto zikashika nafasi ya katikati: baba na mama, pamoja na ukoo wa mama kabla hajaolewa, siku ya kuzaliwa, pengine saa na nyota yake, kaunti, mchungaji na wasimamizi. Serikali haikuandikisha vizazi, na mchungaji mmoja alizungukia makanisa kadhaa. Daftari lilikuwa la kanisa. Cheti kilikuwa mali ya nyumbani.

Ndiyo maana waandishi wake wengi hawakuwa wachungaji. Daniel Schumacher, mchungaji aliyewaandikia watoto aliowabatiza mwenyewe, ni wa pekee kidogo. Kazi hii hasa ilikuwa ya walimu wa shule za makanisa, waliotafuta cha kuongezea mshahara mdogo. Mwalimu alichonga kalamu ya unyoya, akapiga mistari, akaandika kwa herufi za Fraktur zenye ncha kali, kisha akajaza pembezoni tulipu, mioyo, malaika na kasuku. Wengine walitembea nyumba kwa nyumba, na familia ilipompata mwandishi iliwaandikishia watoto wote kwa mpigo. Kwa hiyo tarehe iliyomo si lazima iwe ya mwaka cheti kilipotengenezwa. Jambo hilo limewapotosha wengi.

Kufikia miaka ya 1780 mtambo wa uchapaji wa Ephrata, jumuiya ya kidini ya Wajerumani huko Pennsylvania, ulichapa fomu zenye nafasi za kujaza. Friedrich Krebs, aliyekuja na majeshi ya Kijerumani yaliyokodiwa na Uingereza, akabaki na kuwa mwalimu, alinunua fomu kwa mamia, akazijaza na kuzitia rangi. Kazi ikawa ya haraka, na michoro yake inaonyesha haraka hiyo.

Kwa kawaida cheti hakikutundikwa ukutani. Kilihifadhiwa ndani ya Biblia au kubandikwa upande wa ndani wa kifuniko cha sanduku. Vingine vilitoka humo kwa sababu ya fedha: sheria ya mwaka 1836 ilipowapa pensheni wajane wa askari wa Vita vya Uhuru vya Marekani, ilibidi wathibitishe ndoa zao, na waliokosa hati nyingine walipeleka Washington karatasi za watoto wao. Nyingi hazikurudi, zimo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

Sheria ya Pennsylvania ya shule za umma ya mwaka 1834 ilidhoofisha shule za makanisa, na pamoja nazo walimu wa Fraktur. Vyeti vilivyochapwa tayari kwa rangi vikashika soko. Mwaka 1897 mtafiti Henry Mercer alipoieleza sanaa hii mbele ya wanazuoni wa Philadelphia, aliizungumzia kama masalia ya uandishi wa zama za kati.