Samani za Kasese na Bwera: rangi ipo, jina halipo

Mapambo ya ndani ya nyumba yanarejea kwenye mbao, ukindu na rangi za udongo. Kampuni ya Pantone ya Marekani iliteua Mocha Mousse, kahawia ya kahawa na chokoleti, kuwa rangi ya mwaka 2025. Kwa mafundi seremala wa Kasese na Bwera rangi hiyo si ngeni. Kahawa yenyewe inalimwa kwenye miteremko ya Rwenzori.

Tatizo ni jina. Kiti au kitanda kikivuka Mpondwe kwenda Kasindi na Beni bila alama, jirani wa mnunuzi akikipenda hajui amtafute nani.

Fundi afanye haya:

1. Achome jina na namba ya simu kwenye mbao, chini ya kiti.
2. Aweke picha za kazi zake kwenye simu, pamoja na bei na vipimo kwa Kiswahili.
3. Asajili alama ya biashara URSB, Kampala. Kwa sheria ya mwaka 2010, usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10.

Tahadhari: kinga hiyo inaishia mto Lhubiriha. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini alama husajiliwa huko peke yake. Anayeuza ng'ambo asajili na kule, kabla mwingine hajamtangulia.