Mungu Mmoja, Njia Nyingi za Kumwendea

Katika kuadhimisha kumbukumbu ya hekalu letu, ni wajibu kuwajibu majirani swali wanalotuuliza mara kwa mara: “Ninyi mna miungu mingapi?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake linadai tutazame kwanza jinsi dini mbalimbali zilivyokutana katika nchi hii.

Imani ilikuwapo huku kabla ya mgeni yeyote. Wairaqw wa Nambis na nyanda za juu za Mbulu walimjua Looa, muumba mwenye huruma, wakimnasibisha na jua na kumtaja kama mama. Na waliwacha netlaangw, pepo wakaao mitoni na katika chemchemi. Upande wa Hanang, Wadatoga humwita Mungu Aseeta.

Uislamu uliingia kwa njia ya bahari. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Msingi wake ni Mungu mmoja asiye na mshirika, na Muhammad mtume wake. Ukristo, unaofundisha kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu aliyekufa na kufufuka, ulipata kituo Bagamoyo mwaka 1868 kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mwaka 1953 Mbulu ikawa jimbo la Kanisa Katoliki, na mwaka 1955 Walutheri wa Norway wakafungua hospitali ya Haydom. Dini hizi mbili, pamoja na ile ya Wayahudi, humheshimu Ibrahimu kuwa baba wa imani.

Uhindu ulichipuka Bara Hindi, wala hauna mwanzilishi mmoja. Maandiko yake ya kale kabisa, Veda, yana umri wa zaidi ya miaka 3,000. Wengi wetu tunaamini kwamba Uhakika wa milele ni mmoja, Brahman, nao huabudiwa kwa majina na sura nyingi: Vishnu, Shiva, Devi. Tunaamini kwamba kila tendo lina malipo yake, kwamba roho huzaliwa tena, na kwamba mwisho wa safari ni ukombozi. Katika ardhi hiyo hiyo walitokea Buddha na Mahavira, na baadaye Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Ndiyo maana si kila Mhindi ni Mhindu: wako Wahindi Waislamu, Wakristo, Wajaini na Masingasinga.

Wazee wetu walivuka kutoka Kutch na Kathiawar kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi. Katika karne ya 19, Jairam Sewji, Mhindu wa Kutch, alisimamia ushuru wa forodha ya Unguja. Wengine walisonga bara wakafungua maduka.  Lakini hawakuhubiri. Majirani wakaijua mizani yetu, vitambaa vyetu na daftari la madeni, wasiijue ibada yetu. Haishangazi kwamba Kiswahili kikahifadhi methali: “Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Kimya chetu kilikuwa na gharama.

Leo baadhi ya vijana wetu hujibu kwa wepesi kwamba dini zote ni sawa. Kauli hiyo ni ya adabu, lakini si ya kweli. Mwislamu hakubali sanamu katika ibada. Mkristo hafundishwi kuzaliwa tena katika mwili mwingine. Sisi huchoma maiti, wao huzika. Kuyaficha hayo ni kuwadharau majirani, kana kwamba hawawezi kuustahimili ukweli. Ujirani haukudai tufanane. Umedai tusalimiane, tuzikane na tuaminiane katika biashara. Na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu.

Basi jibu letu ni hili: Mungu ni mmoja, nasi humwita kwa majina mengi. Anayetaka kujua zaidi, milango i wazi. Avue viatu kizingitini, aingie, aulize.